Nilikuwa napakua giza: kisa cha kalenda ya mwezi iliyozima simu ya mtu

"Mkuu, picha zako za mwezi kali sana ila hii saiti yako imenizimia simu mara mbili. Afu nikigusa tarehe 19 inafunguka hilali ya tarehe 13. Na kingine, sijui ni mimi au ni wewe, mwezi mpevu umeuweka tarehe 24 wakati ulikuwa 25."

Huo ujumbe ndo ulianzisha yote haya. Aliyeutuma ni mpiga picha mwenzangu wa mambo ya angani, hajui CSS (lugha ya kupanga mwonekano wa saiti) hata chembe, na kwa kweli nashukuru hajui, maana developa angenitumia namba za vipimo na ushauri wa kubadilisha fremuwaki yote (vifaa tayari vya kujengea saiti), huyu kanitajia vitu vitatu alivyoviona kwa macho yake na vyote vitatu vilikuwa kweli.

Nieleze saiti yenyewe kidogo. Mi kazi yangu ni frontendi, yaani ile sehemu ya saiti mtu anayoiona na kuigusa, mchana natengeneza fomu na meza za watu, usiku nikipata nafasi natoka na kamera na lensi ya milimita 600 napiga mwezi. Picha moja kila usiku mwezi ukionekana. Nikaona nijitengenezee kalenda ya Machi 2024, ukurasa mmoja tu: juu kabisa picha kubwa ya usiku wa karibuni, chini yake maelezo mafupi na picha ya kreta moja kwa karibu, afu kalenda yenyewe, visanduku vya siku, kwenye simu safu 3, kila kimoja pikseli 120, hamna nafasi kati yake, giza linagusana na giza. Picha 24 jumla, siku nyingine mawingu, siku nyingine mwezi wenyewe haupo. Hamna fremuwaki, HTML na CSS na mistari kama mia ya JavaScript. Niliiandika wikendi moja na nilijiona fundi.

Kwangu ilikuwa inafunguka fasta. Laptopu nzuri, intaneti nzuri, na picha zote zishakaa kwenye akiba ya brauza kwa sababu nimezifungua mara mia wakati naitengeneza. Kwahiyo alivyosema simu imezima wazo la kwanza lilikuwa simu yake ndo mbovu. Najua, najua.

Nikakisia. Nikasema hizi picha ni nzito, kila moja kama megabaiti 5 hivi, nizikandamize. Jioni mbili nzima nimekaa nashusha ubora wa JPEG, 90, 80, 70, naangalia kingo za kreta kama zimeharibika, napandisha tena, nikafika mahali kila faili ina megabaiti 1 na kidogo na nikapakia upya nikamwambia jaribu sasa. Akajaribu. Simu ikazima. Safari hii ilizima haraka zaidi, maana picha zinafika mapema, zikifika zinafunguliwa, na kufunguliwa ndo shida yenyewe.

Hili jambo nilikuwa nalijua kwa kichwa ila sikuwahi kulihisi: uzito wa faili na uzito wa picha ikishafunguliwa ni vitu viwili tofauti. JPEG ni furushi lililofungwa. Brauza ikitaka kuichora lazima ilifungue, na kila pikseli ikifunguliwa inachukua baiti 4, nyekundu, kijani, bluu na ule uwazi. Kamera yangu inatoa picha ya pikseli 6000 kwa 4000, hizo ni pikseli milioni 24, mara 4 unapata megabaiti 96. Kwa picha moja! Ukiishusha ubora hadi furushi liwe dogo kama punje bado likifunguliwa nzima ni zile zile megabaiti 96, kwa sababu idadi ya pikseli hujaigusa. Sasa zidisha kwa picha 24. Gigabaiti 2.3. Brauza zina ujanja wao wa kukwepa, hazifungui kila kitu kwa pamoja zikiweza, lakini kama umeipa simu ya kawaida kazi ya hivyo, mfumo wa simu ukiona kumbukumbu inaisha unaua programu bila kuuliza mtu.

Kilichofanya nijue ni kuazima simu dhaifu, nikaichomeka kwa waya kwenye laptopu, nikafungua zana za brauza za kukagua simu kutoka kwenye kompyuta. Napenda sana kile kitufe cha kupunguza kasi ya prosesa mara 4 kwenye zana za brauza, nakitumia kila siku kazini, ila hakipunguzi RAM, ile kumbukumbu ya kazi. Laptopu yenye RAM ya kumwaga hata ukiipunguza kasi mara 4 bado ina RAM ya kumwaga. Tatizo la namna hii huwezi kuliona pale, unaona tu ukurasa umekuwa mzembe kidogo unasema aah si mbaya. Ukitaka kuliona shika simu yenyewe. Na kama unapima kwenye laptopu basi walau weka tiki pale pa kuzima akiba wakati zana ziko wazi, ndo mara ya kwanza nilipoona ukurasa wangu kama anavyouona mgeni.

Sasa hapa ndo pananiuma, kwa sababu jibu lilikuwa kwenye hobi yangu sio kwenye kazi yangu.

Mwezi angani ni mdogo kuliko watu wanavyodhani, kama nusu digrii tu. Wapiga picha tuna hesabu yetu ya haraka, unachukua urefu wa lensi unagawa kwa 109 unapata kipenyo cha mwezi kwenye kihisi cha kamera. Lensi ya 600 inatoa kama milimita 5.5. Kihisi changu kina upana wa milimita 36 na pikseli 6000 upande huo, kwahiyo mwezi wenyewe ni pikseli mia tisa na kitu. Piga eneo la duara hilo ulinganishe na milioni 24, ni chini ya asilimia 3. Asilimia 97 na ushee ya kila picha niliyokuwa nawapa watu ilikuwa anga tupu. Nyeusi. Giza. Na mimi mwenyewe kwenye CSS nilikuwa nimelificha lile giza, nimeweka overflow: hidden kwenye kisanduku na transform: scale kwenye picha ili mwezi ujae, yaani nilijua kabisa hakuna mtu anataka kuliona, nikalituma hata hivyo, likapakuliwa, likafunguliwa, afu nikalikata.

Na giza lenyewe sio bure hata kwenye faili. Unaweza kudhani nyeusi tupu inakandamizwa ikaisha kabisa, lakini kihisi cha kamera kina chengachenga, ukiikuza sana unaona vidoti vya rangi vimetapakaa, na JPEG inahangaika kuvihifadhi vile vidoti kama vile ni kitu cha maana. Zile jioni mbili sehemu kubwa nilikuwa nabishana na ubora wa chengachenga.

Nikakata picha zote, mraba wa 1000 kwa 1000 mwezi katikati. Ikifunguliwa ni megabaiti 4. Afu nikatengeneza na toleo dogo la 360 kwa 360 kwa ajili ya visanduku, kwa sababu kisanduku ni pikseli 120 za CSS na simu nyingi siku hizi skrini yake ina pikseli 3 halisi kwa kila moja ya CSS, 120 mara 3 ni 360. Hiyo ikifunguliwa ni nusu megabaiti. Zote 24 hazifiki megabaiti 13. Kutoka gigabaiti 2.3.

Ila sikufika hapo moja kwa moja, kuna mtego mmoja ulinigharimu saa nzima. Niliandika srcset vizuri, ile orodha ya matoleo ya picha ili brauza ichague, 360w na 1000w, nikaenda kwenye kichupo cha mtandao nikaona simu bado inachukua zile za 1000. Nikafuta akiba, zile zile. Nikabadilisha mpangilio wa majina, ujinga mtupu. Kumbe sikuandika sizes, yaani picha itaonekana kwa upana gani. Usipoandika sizes brauza inachukulia picha itakuwa na upana wa skrini nzima, yaani 100vw, kwa sababu wakati inachagua faili bado haijasoma CSS yako, haijui kama umeiweka kwenye kisanduku. Simu ilikuwa na upana wa 360 za CSS, mara 3 ni 1080, kwahiyo kwa hesabu yake ile ya 1000 ndo inafaa. Ilikuwa inafanya kazi yake vizuri kabisa, mimi ndo sikuiambia. Mstari uliomaliza ni huu:

<img src="20-360.jpg" srcset="20-360.jpg 360w, 20-1000.jpg 1000w" sizes="120px" width="360" height="360" loading="lazy" alt="...">

Hiyo alt ya nukta tatu tutairudia.

Malalamiko ya pili, kugusa 19 unapata 13. Hili nilidhani ni kosa la JavaScript, hesabu ya faharasa imekosea, nikaenda kusoma kodi (siyo ile ya mapato) mstari kwa mstari na kodi ilikuwa safi. Angalia vizuri: safu ni 3, kati ya 19 na 13 kuna hatua 6, ni mistari 2 kamili ya kalenda, mistari miwili ni pikseli 240. Na ile picha ya kreta iliyokaa juu ya kalenda, kwenye simu ya upana wa 360 ikiwa na umbo la 3 kwa 2, ina kimo gani? 240! Jamaa alikuwa anaiona 19 iko pale, anashusha kidole, picha ya kreta inafika sekunde hiyo hiyo, inasukuma kalenda yote chini, na kilichokuja kukaa chini ya kidole chake ni 13. Aligusa alichotaka, ukurasa ndo uliosogea.

Hilo ndo wenye vipimo wanaita CLS, kipimo cha ukurasa kurukaruka unapofunguka, na kiwango kizuri ni 0.1 au chini. Ya kwangu ilikuwa mara kadhaa ya hapo, sitaji.

Dawa yake ni ya kizamani na watu wengi waliiacha enzi za kuingia kwa mitindo ya kujinyumbulisha, unaandika width na height, upana na kimo, kwenye img, ile lebo ya picha. Brauza za sasa zinachukua zile namba mbili zinapata uwiano, zinatenga nafasi hata kabla baiti ya kwanza ya picha haijafika. Namba hazina haja ya kuwa saizi itakayoonekana, uwiano tu uwe sahihi. Na usisahau kwenye CSS kuandika height: auto pamoja na max-width: 100%. Mi nilisahau. Upana ukapungua kwa max-width, kimo kikabaki vile vile kama kilivyoandikwa, na picha yangu kubwa ya juu ikawa yai. Nimepiga mwezi miaka mingapi sijawahi kuuona umesimama wima kama yai, nilicheka peke yangu.

Hiyo picha ya juu nayo ilikuwa na kisa chake. Nilikuwa nimeiweka kwa background-image kwenye CSS kwa sababu ilikuwa rahisi kuandika maneno juu yake. Brauza ikipokea HTML ina kitu kama mpelelezi kinachotangulia kusoma haraka haraka kutafuta src za picha na skripti ili zianze kupakuliwa mapema, mpelelezi huyu haingii kwenye CSS. Kwahiyo picha muhimu kuliko zote kwenye ukurasa ilikuwa inasubiri HTML ije, CSS ije, ijulikane kwamba kile kisanduku kipo, ndo ianze safari. Nikaigeuza ikawa img ya kawaida na maneno nikayapandisha juu yake kwa grid, vyote viwili kwenye seli moja. Afu, kwa akili zangu, kwa kuwa nilishazoea kupachika loading="lazy" kila mahali, nikaipachika na yenyewe. Unaiambia brauza hii usiiharakishe, wakati ndo kitu cha kwanza macho yanatua. Ilibidi nitoe lazy na badala yake niweke fetchpriority="high", yaani hii itangulie. Lazy ni ya vitu vilivyo chini ya skrini, vya juu viache. Kiwango kizuri cha picha kubwa kuonekana ni sekunde 2.5, kwenye simu ya kuazima nilikuwa mbali sana na hapo, baada ya mabadiliko haya mawili peke yake nikashuka chini yake, na sikugusa ubora wa JPEG tena.

Fonti nilikuwa nayo moja ya kupendeza ya kichwa cha habari, nayo ikichelewa inafanya maneno yaruke yakibadilika. Kuna njia za kuilainisha, size-adjust na wenzake. Niliitoa tu. Kichwa chenyewe ni neno moja.

Haya, tarehe. Hapa nikae kidogo.

Kwanza nikiri dhambi: mi huwa naandika majina ya vigezo (vile vijina vinavyobeba thamani kwenye kodi) kwa Kiswahili kwenye miradi yangu binafsi, nafurahi tu. Sasa Kiswahili chetu mwezi ni ule wa angani na mwezi ni ule wa kalenda, jina moja. Unaona inakoelekea. Nilikuwa na kigezo mwezi kinachobeba Machi, na mahali pengine nina fanksheni inayochora kialama kidogo cha mwezi karibu na kichwa, inayopokea umri wa mwezi kwa siku tangu uandame, nayo kigezo chake nimekiita mwezi. Nikaipa mwezi. Ila huo mwezi. JavaScript inahesabu miezi kuanzia 0, Januari 0, Februari 1, Machi 2, basi kialama kikapata 2 na kikachora hilali nyembamba ya siku mbili. Machi nzima. Usiku mpevu, hilali. Mwezi unakaribia kuzama alfajiri, hilali. Mi nikaona nikadhani ni akiba ya brauza imeng'ang'ania toleo la zamani! Nilikuja kuelewa siku niliyobonyeza mshale kwenda Aprili na hilali ikanenepa kidogo sana, ikawa ya siku 3. Sasa hivi kodi yangu ina mweziAngani na mweziKalenda, sina hamu tena.

Lakini hilo siyo alilolalamikia yeye. Yeye kaona mpevu umeandikwa 24. Mwezi wa Machi 2024 ulipevuka tarehe 25 saa 07:00 kwa UTC (saa ya pamoja ya dunia), na kwangu ukurasa uliandika 25 sawasawa. Kwake 24. Kodi ile ile, faili lile lile. Tofauti yetu ni kwamba yeye anakaa magharibi ya mstari wa Greenwich, saa zake ziko nyuma ya UTC.

Picha zangu nilizipa majina ya tarehe, 2024-03-25, na kupata namba ya siku nilikuwa naandika new Date("2024-03-25").getDate(). Ukiangalia haina kosa. Ila tarehe ikiandikwa hivyo peke yake bila saa JavaScript inaisoma kama usiku wa manane wa UTC, afu getDate inakujibu kwa saa za pale ulipo. Ukiwa masaa 5 nyuma ya UTC, usiku wa manane wa tarehe 25 kwa UTC kwako bado ni saa 19:00 ya tarehe 24, na jibu linakuja 24. Kalenda yake yote ilikuwa imerudi nyuma siku moja, alichogundua ni mpevu tu kwa sababu usiku ule alikuwa nje na yeye. Na ubishi zaidi, ukiongeza saa, "2024-03-25T00:00", bila kutaja ukanda, hapo inasomwa kwa saa za pale ulipo na sio UTC. Herufi sita zimeongezeka maana imegeuka. Nimefanya kazi hii miaka na bado hunikamata.

Kuna watu wangeweka laibrari ya tarehe hapo. Mi nadhani ni kuficha kosa, kwa sababu kosa langu lilikuwa la kufikiri. Tarehe kwenye kalenda yangu siyo wakati. Ni jina la usiku. Usiku wa 25 unaitwa 25 popote alipo msomaji, hauna haja ya kugeuzwa kuwa masaa wala kuvuka ukanda wowote. Kwahiyo nikaikata ile kamba ya herufi kwa split("-") nikachukua namba ya tatu, mwisho. Hamna Date.

Umri wa mwezi ndo wakati kweli. Huo unatoka kwenye saa halisi picha ilipopigwa, kwa UTC, ukitoa ule mwandamo wa Januari 6, 2000 saa 18:14 UTC ambao wengi tunautumia kama mwanzo, unagawa kwa siku 29.53059, mabaki ndo umri. Hesabu hii ni ya wastani, mwezi hauzunguki kwa duara kamili na unaweza kupishana nayo zaidi ya nusu siku, kwa kialama cha pikseli 24 inatosha kabisa. Saa ya kamera nayo nimeiweka UTC moja kwa moja na siigusi, maana muda unaoandikwa ndani ya picha ni ule tu uliouweka kwenye kamera.

Kujaribu sikuhitaji kusafiri, zana za Chrome zina sehemu ya vihisi, unachagua mji wa mbali na ukanda wa saa unabadilika, nikapita magharibi na mashariki, 25 ikabaki 25.

Nikamwandikia mwenzangu nimemaliza. Akajibu, vizuri, ila mkuu mwezi wako umepinduka.

Na kweli. Anayeutazama kutoka kaskazini ya mbali na anayeutazama kutoka kusini ya mbali wanauona kichwa chini miguu juu, kila mmoja kwa mwenzake. Nikasema hii ndogo, nikaweka kitufe cha kugeuza, transform: rotate(180deg), tena transform haisukumi chochote pembeni yake kwahiyo hakuna kuruka. Nilikiandika kama button halisi na sio div (kisanduku kitupu) yenye onclick, ukitumia button unapata kibodi na kisoma skrini, ile programu inayomsomea asiyeona, bila kuandika chochote. Nikajisifu kidogo. Afu nikaanza kufikiria watu wa karibu na ikweta, ambao hilali kwao imelala kama mtumbwi, hao nao niwape digrii 90? Ya kushoto au ya kulia? Na mwezi wenyewe unavyopita angani kutoka kuchomoza hadi kuzama unajigeuza machoni, kwahiyo hata mtu mmoja usiku mmoja hana jibu moja. Nilishaanza kuandika fanksheni ya latitudo, mistari kama 40, nikaifuta. Kitufe kimebaki, na chini yake sentensi moja inayosema mwezi unavyoonekana unategemea umesimama wapi na saa ngapi. Sentensi haina bagi.

Ile alt sasa, maneno ya kuelezea picha kwa asiyeiona. Zote 24 nilikuwa nimeandika "picha ya mwezi". Niliwasha kisoma skrini siku moja tu kwa ajili ya kukijaribu kile kitufe, ikanisomea picha ya mwezi, picha ya mwezi, picha ya mwezi, mpaka nikaona aibu. Nikakaa chini nikaandika kila moja kama ninavyoiandika kwenye daftari langu la usiku: "Mwezi wa siku 3, hilali, upande wa giza unaonekana kwa mbali". "Mwezi wa siku 10, kivuli kimeshapita Copernicus, kingo za kreta kali". "Mpevu, hamna vivuli, kreta ya Tycho na miale yake tu". Hiyo kazi ilikuwa tamu kuliko zote, na watu wa hobi hii watanielewa, mwezi mpevu ndo unapendwa na kila mtu lakini kwa kamera ni usiku wa hovyo, jua linaupiga usoni moja kwa moja, milima haina kivuli. Raha iko kwenye ule mpaka wa mwanga na giza. Copernicus, kreta ya kilomita 93 hivi, jua linaichomozea mwezi ukiwa na siku kama 9, na kwa masaa machache kuta zake zinawaka wakati ndani bado kweusi.

Siku 9 kwa mwezi ule ilikuwa tarehe 19. Kwenye kalenda pale palikuwa na kisanduku cheusi kitupu, bila picha, bila maneno, na ndo maana alikuwa anakigusa, alitaka kujua kuna nini. Siku zisizo na picha nikaziandikia neno moja la sababu, kwa maandishi ya kawaida.

Usiku ule akanitumia tena: "19 imefunguka 19. Mawingu?"

Mawingu, nikamjibu. Kila mahali, kuanzia jioni mpaka asubuhi. Akauliza ile ya siku 9 itarudi lini. Nikafungua ukurasa wangu mwenyewe, kwenye simu ile ya kuazima, nikasogeza mshale kwenda Aprili, nikahesabu siku 29 na nusu.